Sanduku la Makufuli Matatu

Sanduku la zabuni la halmashauri niliyofanyia kazi lilichomelewa na fundi wa gereji kwa bati la mapipa ya lami. Juu lilikuwa na tundu jembamba la kupitisha bahasha, ubavuni makufuli matatu, na chini misumari iliyolikaza kwenye sakafu ya korido ili mtu asije akalibeba usiku. Ufunguo mmoja ulikaa kwa mweka hazina, wa pili kwa afisa ugavi, wa tatu kwa mwanasheria, au kwa yeyote aliyekaimu nafasi hiyo, maana halmashauri ndogo kama yetu zilikuwa zinakaa miaka bila mwanasheria. Mimi sikuwa na ufunguo. Nilikuwa karani wa vikao, kazi yangu kuchapa makabrasha, kuyagawa na kuandika muhtasari. Madiwani waliniita Mama Kabrasha, na jina hilo limestaafu pamoja nami.

Mji wenyewe sitautaja. Uko kando ya reli ya kati, una soko, stendi, kituo cha afya na mnada wa ng'ombe, na wengi wa waliohusika na haya ninayoyaeleza bado tunakutana msikitini, kanisani na kwenye foleni ya maji. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuelewa kuhusu tenda za mji mdogo. Watu wakisikia tenda hufikiria barabara za mabilioni na wakubwa wa Dar es Salaam. Kwetu tenda ilikuwa choo cha stendi, kuzoa taka sokoni, madawati, chakula cha wagonjwa, ushuru wa mnada. Aliyeshinda unamjua kwa jina la mama yake. Aliyeshindwa ni shemeji wa mwenyekiti. Hakuna anayeweza kujificha, na kwa sababu hiyo hiyo kila mtu ana sababu ya kufunga mlango wakati wa kuamua.

Nimesoma na kusikia mengi kuhusu namna serikali zetu za mitaa zilivyokuwa zikitoa kazi kwa watu, na nikiyaweka pamoja na yale niliyoyaandika kwa mkono wangu, naona jambo moja. Kila sheria mpya ilimwondoa mezani yule aliyeshukiwa jana na kumweka mwingine. Mkuu wa wilaya aliondoka, akaja diwani. Diwani akaondolewa, akaja ofisa wa mkoa. Ofisa akaondoka, diwani akarudi, kisha akatolewa tena. Kumbe lililowazuia watu kuiba, pale lilipowazuia, halikuwa nani kaketi mezani. Lilikuwa bei kusomwa kwa sauti mbele ya watu.

Kumuuzia mtu haki ya kukusanya ushuru si jambo tulilofundishwa na wafadhili. Pwani walilijua zamani. Masultani wa Unguja walikodisha forodha yao kwa mfanyabiashara mmoja, naye aliahidi kiasi maalumu cha reale kwa mwaka na kubaki na kilichozidi. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 aliyekodi alikuwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na mawakala wake walikaa katika miji ya mrima wakihesabu pembe na sandarusi. Mwaka 1876 Sultan Barghash akaihamishia kazi hiyo kwa Taria Topan. Mkodi huyo ndiye pia aliyekuwa akimkopesha sultani, kwa hiyo mwenye forodha na mwenye deni walikuwa wakitazamana kila msimu wa kusi na kaskazi, na si rahisi kumpandishia bei mtu unayemdai au anayekudai. Hakuna bahasha iliyofunguliwa hadharani. Wakala wa ushuru wa stendi wa mwaka 1998 asingehitaji kuelezwa chochote kuhusu mkataba ule.

Waingereza walipochukua Tanganyika walitunga sheria ya miji mwaka 1920, na miji midogo ikawa chini ya mamlaka ya mji ambayo wajumbe wake waliteuliwa. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya, Bwana DC. Waliomzunguka walikuwa watumishi wa serikali na wafanyabiashara wachache, Wazungu na Wahindi. Babu yangu mzaa mama aliwauzia mawe ya kujengea mitaro. Alikuwa akisimulia kwamba alipeleka bei yake kwa mdomo, barazani kwa DC, mbele ya bwana soko na tarishi, na DC akamwambia ashushe. Akashusha. Alichokumbuka zaidi si bei, bali kwamba mtu aliyemshinda mwaka uliofuata alikuwa na duka, na mwenye duka alikuwa na ndugu anayekaa kwenye kile kikao. Ni masimulizi ya mzee aliyekosa tenda, nayapokea hivyo.

Upande wa vijijini kulikuwa na utaratibu mwingine. Sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, ya wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwapa watemi hazina zao. Humo tenda zilikuwa chache. Mtemi aliajiri fundi wake, akanunua mabati, akaleta watu wa kubeba matofali, na DC akapitia vitabu. Sina sababu ya kukaa hapo zaidi, isipokuwa kusema kwamba namna hiyo ya kujenga bila mkandarasi tutakutana nayo tena mbele, ikiwa na jina la Kiingereza.

Mwaka 1953 ikaja sheria iliyofungua njia kwa halmashauri za kuchaguliwa. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, utemi ukafutwa na halmashauri za wilaya zikabaki na kazi kubwa kuliko mifuko yao. Mwaka 1969 kodi ya kichwa iliyokuwa ikiziendesha ikafutwa, mwaka uliofuata ushuru wa mazao nao ukaenda. Halmashauri isiyo na mapato haina la kutangaza. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa, za miji zikafuata muda si mrefu, tukaingia Madaraka Mikoani. Mpango ule, uliochorwa kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, uliitwa wa kupeleka madaraka kwa wananchi. Yaliyofika mkoani ni madaraka ya maofisa wa serikali kuu, na Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa ndiye aliyekuwa na saini.

Kipindi hicho nilikuwa shuleni, lakini niliporithi kabati la mafaili ya ofisi niliyakuta yamelala humo. Niliyapitia kwa udadisi wakati wa mvua, mikutano ilipokuwa imeahirishwa. Jambo lililonishangaza ni kutokuwepo kwa ushindani wa aina yoyote. Zilikuwepo barua za kuomba saruji, barua za kukumbusha barua, na majibu ya Kampuni ya Biashara ya Mkoa, ile tuliyoiita RTC, kwamba mgao haujafika. Muuzaji akiwa mmoja, utamshindanisha na nani? Zabuni ilikufa yenyewe, haikufutwa na sheria yoyote. Nafasi yake ikachukuliwa na kibali. Mwenye uwezo wa kuandika kibali cha mifuko 20 ya saruji alikuwa na nguvu kuliko bodi yoyote niliyokuja kuitumikia baadaye, na kibali hakisomwi mbele za watu.

Miji ikaanza kunuka. Taka zilizagaa, kipindupindu kikapiga mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1978 serikali ikarudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria tatu mfululizo, Na. 7 ya mamlaka za wilaya, Na. 8 ya mamlaka za miji na Na. 9 ya fedha za serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri zikasimama upya. Madiwani wakarudi. Nami nikaajiriwa miaka michache baadaye, na mashine yangu ya kuandikia ilikuwa Olympia iliyokwisha kutumika na watu watatu kabla yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza tofauti ya kikao na kikao. Mkutano wa Baraza la Madiwani ni wa wazi kwa mujibu wa sheria. Mwananchi anaweza kuingia, akaketi nyuma, akasikiliza. Vikao vya kamati si hivyo. Na tenda kubwa za halmashauri yetu, katika miaka ile, zilijadiliwa na kuamuliwa kwenye kamati inayoshughulikia fedha. Ikifika Barazani, mwenyekiti anasoma namba ya ajenda, mtu anatoa hoja muhtasari upokewe, mwingine anaunga mkono, yamekwisha. Mwananchi aliyetembea kutoka kijiji cha mbali kusikia nani atachimba kisima chake alisikia maneno mawili tu: "Taarifa imepokelewa." Yakitokea mabishano, kuna dawa nyingine. Mwenyekiti anatamka kwamba Baraza linakaa kama kamati, na wageni wote wanaombwa kutoka nje. Nimewatoa nje watu wazima, wazee wa heshima zao, na nikafunga mlango kwa mkono huu. Tukimaliza, Baraza linarudi kuwa Baraza, mlango unafunguliwa, na hakuna tena cha kusikia.

Kanuni za kudumu zilimtaka diwani mwenye maslahi katika jambo atamke hivyo na atoke. Walikuwepo waliotii. Diwani mmoja wa zamani, mwenye lori, alikuwa akisimama hata kabla ajenda haijafikiwa, anasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, hili linanigusa," anakwenda kunywa chai kwa mama ntilie nje ya ofisi mpaka aitwe. Sikuwahi kuona wajumbe wakiinyima kazi lori lake. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kutoka chumbani na kivuli chake kikabaki kwenye kiti.

Tenda ndogo ndogo, zile za kununua karatasi au vipuri, hazikufika hata kwenye kamati. Zilihitaji bei kutoka kwa wauzaji watatu tofauti, tuliziita profoma. Ofisa analeta karatasi tatu, anachaguliwa mwenye bei ya chini, anapewa hati ya kuagiza mali, LPO. Siku moja nililetewa profoma tatu za maduka matatu ili nizibandike kwenye faili. Maduka mawili yalikuwa ya mji wetu na la tatu la makao makuu ya mkoa. Zote tatu zilikuwa na herufi "e" iliyopanda juu kidogo ya mstari na "r" iliyokatika mguu. Anayeishi na mashine ya kuandikia huijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Ile ilikuwa mashine ya masijala yetu wenyewe, vyumba viwili kutoka kwangu. Nilizibandika, nikaandika tarehe, nikampelekea mkaguzi wa ndani faili zima bila neno. Alilitazama kwa muda mrefu. Baadaye mashine ya masijala ilipelekwa kutengenezwa, na profoma za mwezi uliofuata zikawa safi kabisa.

Sasa nirudi kwenye sanduku, maana lilikuja kama jibu la mambo kama hayo. Lilipowekwa koridoni, mwanzoni watu walilicheka. Lakini utaratibu wake ulikuwa mkali. Tangazo linabandikwa kwenye ubao wa ofisi, kwenye mti wa sokoni na stendi, na tenda ikiwa kubwa linapelekwa gazetini. Mwisho wa kupokea bahasha ni saa 4:00 asubuhi, na ufunguzi unaanza papo hapo, si kesho wala si baada ya chai. Kila bahasha inapigwa saini na waliopo kabla ya kufunguliwa, kisha mwenyekiti anasoma jina la mwombaji, bei yake, na kama ameweka dhamana ya zabuni au hakuweka. Mimi naandika. Waombaji nao wanaandika, wengine kwenye pakiti ya sigara.

Siku ya ufunguzi wa tenda ya kujenga vibanda vya soko, ufunguo wa tatu haukuonekana. Mwenye nao alikuwa amekwenda msibani, vijijini huko, na hakukuwa na simu za mkononi. Mkurugenzi wa halmashauri akashauri makufuli yakatwe. Waombaji wakakataa. Mzee mmoja mkandarasi, Kalasinga aliyezaliwa mji ule ule na kuongea Kinyamwezi vizuri kuliko wengi wetu, akavuta kiti akakiweka mbele ya sanduku na kuketi. Alisema atakaa hapo mpaka ufunguo uje, hata kama ni usiku. Wenzake wakabaki pia. Habari ikafika sokoni, na wale wanawake wa nyanya na dagaa, ambao ndio wangepanga katika vibanda hivyo, wakaanza kuja mmoja mmoja. Ufunguo uliletwa kwa baiskeli alasiri. Bei ziliposomwa korido ilikuwa imejaa, na ilipotajwa bei moja kubwa kupita zote, mama mmoja alisonya kwa nguvu hadi mwenyekiti akasita kusoma. Aliyetoa bei ile alikuwa na watu wake wazito. Hakupata tenda. Siwezi kuthibitisha kwamba msonyo ndio uliomnyima, lakini niliandika muhtasari wa kikao kilichoamua, na sikumbuki mjumbe yeyote aliyejaribu kumtetea.

Sheria haikuwataja wale wanawake. Ilisema waombaji au wawakilishi wao wahudhurie. Katika mji mdogo korido haina mlango, basi mji mzima ulihudhuria.

Kama kuna tenda zilizoharibu jina la halmashauri, ni za ushuru. Katika miaka ya 1990 halmashauri nyingi zilichoka na wakusanyaji wao, waliotembea na vitabu vya stakabadhi vya HW5 na kurudi navyo nusu, au wasirudi navyo. Vitabu vilivyopotea vilikuwa kero ya kila ripoti ya ukaguzi. Ikaonekana heri kazi apewe wakala: atangaze atatuletea kiasi gani kwa mwezi, aliye juu ndiye ashinde, kilichozidi ni chake. Ni ile forodha ya Unguja tena, safari hii kwa choo cha stendi na mnada wa ng'ombe. Kwenye tenda ya ujenzi unatafuta bei ya chini, kwenye hii unatafuta ya juu, na mtu asiyejua thamani ya kitu anaweza kudanganywa kote kuwili. Sisi hatukujua. Hakuna aliyewahi kukaa mnadani Jumamosi nzima akahesabu ng'ombe waliouzwa. Wakala alijua, maana mdogo wake alikuwa dalali pale pale. Utafiti wa taasisi ya REPOA uliotoka mwaka 2009 ulieleza hali hiyo hiyo katika halmashauri mbalimbali: kazi ilitolewa bila makadirio ya maana ya mapato yanayowezekana, na wakala akabaki na fungu nono. Mtafiti asingehitaji kwenda mbali. Angemtazama wakala wetu alivyojenga nyumba.

Wakati huo huo juu serikalini mambo yalikuwa yakibadilika. Tume ya Jaji Warioba, iliyoundwa na Rais Mkapa mwaka 1996, ilieleza rushwa ilivyoota mizizi katika zabuni za umma, hasa za ujenzi wa barabara. Mwaka 2001 ikapatikana sheria ya kwanza ya manunuzi ya umma, na mwaka 2004 ikafutwa na nyingine, Na. 21, iliyoanzisha mamlaka ya udhibiti, PPRA. Kwa sisi wa chini badiliko kubwa lilikuwa kwamba diwani alitoka kabisa kwenye uamuzi wa tenda. Bodi ya zabuni ikawa ya wakuu wa idara, walioteuliwa na Mkurugenzi, na mkuu wa kitengo cha manunuzi akiwa katibu wao. Kila chombo kikaambiwa kifanye kazi yake bila kuingiliwa na kingine. Madiwani wakabakiwa na taarifa ya robo mwaka.

Walilalamika sana, na mimi nilikuwa nawasikiliza nikichapa. "Sisi ndio tunaopigiwa kelele na wananchi, leo tumekuwa wa kupokea taarifa," alisema mmoja wao kwenye yatokanayo, na makofi yakapigwa. Nadhani alikuwa na haki kwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba baadhi ya waliopiga makofi walikuwa na kampuni za mfukoni zilizoandikishwa kwa majina ya wake zao. Lakini tusiwafanye wakuu wa idara malaika. Mjumbe wa bodi aliteuliwa na Mkurugenzi, likizo yake inasainiwa na Mkurugenzi, nyumba anayoishi ni ya halmashauri. Mkurugenzi akiingia chumbani kusalimia tu, bodi inajua anachotaka. Ikaibuka pia fani ya kuvunja tenda vipande: kazi ya kukarabati zahanati inagawanywa, mlango peke yake, dari peke yake, rangi peke yake, kila kipande kikae chini ya kiwango kinachotakiwa kufika kwenye bodi. Wakaguzi wamekuwa wakiiandika kila mwaka. Sheria ikaandikwa upya mwaka 2011, ikarekebishwa mwaka 2016 baada ya kelele kwamba serikali inanunua kalamu kwa bei kubwa kuliko mtu anayeingia dukani kwa miguu yake. Marekebisho hayo ndiyo yaliyotenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Ni jambo jema, na vikundi viliota kama uyoga, vingine vikiwa na katibu anayevaa tai na kuendesha gari jipya.

Nilistaafu sanduku likiwa bado koridoni, lakini siku zake zilikuwa zinahesabika. Kwanza ukaja mfumo wa TANePS, kisha mwaka 2023 ukaja NeST, na sasa kila kitu kinapita kwenye kompyuta: tangazo, bahasha, ufunguzi, tathmini. Sheria Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024, imeufanya mfumo huo kuwa ndiyo njia yenyewe. Nimeambiwa na vijana wa manunuzi kwamba sasa mkandarasi wa Kigoma anaomba kazi ya kwetu bila kupanda treni, na kwamba hakuna tena mtu wa kuchelewesha ufunguo. Nawaamini. Mambo mengi niliyoyaona yasingewezekana ndani ya mfumo ule, na mashine ya masijala ingekosa kazi. Hata hivyo anayeziona bei zikifunguka ni mzabuni aliyejisajili, akiwa kwake, kwenye skrini. Mama wa dagaa hajasajiliwa. Hakuna aliyemfukuza, ni vile tu korido imekwisha. Bei za vibanda vyake zinajulikana na watu wa mikoa 10 kabla yeye hajazisikia, na hakuna kikao ambacho msonyo wake utafika.

Jambo la ajabu ni kwamba wakati zabuni ilipokuwa inapanda kwenda kwenye kompyuta, manunuzi mengine yalikuwa yanashuka hadi chini kabisa, chini kuliko diwani. Ni utaratibu wa Force Account, ambao kwa kweli mtemi wa mwaka 1930 angeutambua: halmashauri inajenga yenyewe, inanunua vifaa, inaajiri mafundi wa mtaani, mkandarasi hayupo. Uliwahi kuwepo katika kanuni, ila ulitumika kwa wingi kuanzia katikati ya muongo uliopita kwenye shule na vituo vya afya. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule. Wananchi wanaunda kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi na ukaguzi. Mwaka 2021 ulipopatikana mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ile shilingi trilioni 1.3 ya kukabiliana na UVIKO-19, madarasa 15,000 yalijengwa nchini kwa njia hiyo, darasa moja kwa shilingi milioni 20, na amri ilikuwa yakamilike kabla ya muhula wa Januari.

Shule ya kata yetu ilipata madarasa mawili. Wazazi waliokutana chini ya mwembe walinichagua kwenye kamati ya mapokezi, wakisema Mama Kabrasha anajua karatasi. Nikakuta humo muuza mbogamboga, mzee aliyekuwa mpiga rangi wa reli, na mwalimu wa stadi za kazi. Kamati ya manunuzi ilitembea duka kwa duka na daftari la shule, ikaandika bei za saruji, nondo na mabati ya geji 28, kisha mwenyekiti wake akazisoma zote pale pale chini ya mwembe, na jina la kila duka. Wenye maduka wawili walikuwepo. Mmoja alishusha bei ya mfuko kwa shilingi 500 kabla hajaketi. Mwingine aligoma, akisema ana gharama za lori, na muuza mbogamboga akamuuliza lori gani, wakati duka lake na shule vinatazamana.

Saruji ilipokuja, mpiga rangi wa reli alibonyeza mifuko mmoja baada ya mwingine kwa goti. Alikuta 14 iliyoganda pembeni, akaitenga. Fundi akasema inafaa kwa jamvi. Mtu wa ofisi ya mhandisi, aliyekuja na pikipiki, akasema hivyo hivyo na kutuomba tusaini hati ya mapokezi kwa sababu Mkuu wa Wilaya alikuwa anakuja kukagua keshokutwa. Hatukusaini. Tuliandika kwenye hati idadi iliyofaa na idadi iliyokataliwa, na mwenye duka akalazimika kuibadilisha, ikachukua siku nne. Darasa la pili lilifunikwa mabati baada ya tarehe iliyoamriwa, na mwalimu mkuu akaandikiwa barua ya kujieleza kwa kuchelewesha mradi. Alinijia nyumbani na barua hiyo, nikamsaidia kuandika majibu, na nakala ya hati ya mapokezi tukaibandika kama kiambatisho namba moja.